Namna ya Kuchagua Ubingwa wa Meno: Mwongozo Kamili kwa Daktari Aliyemaliza Utarajali

Kila dirisha la maombi ya uzamili linapokaribia, madaktari wapya wa kinywa na meno huuliza swali lile lile: "Ubingwa gani unalipa?" Wanajibiwa haraka, wanaomba haraka. Muda si mrefu mmoja yuko katikati ya masomo asiyoyapenda, na mwenzake amehitimu vizuri lakini amerudi kwenye hospitali isiyo na kifaa hata kimoja cha kufanyia alichosomea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari aliyeko Dodoma, Singida au wilaya za jirani. Msimamo wangu ni kwamba ubingwa huchaguliwa kwa kuangalia kazi ya kila siku na mahali utakapoifanyia. Habari ya fedha utaikuta mbele kidogo, hatua ya 5 na ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari gumu, kaunta buku ya kawaida inatosha. Utalitumia kwa angalau miezi sita.
- Usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni hai. Usajili wa muda wa utarajali hautoshi.
- Nakala zilizothibitishwa za vyeti vyako vyote, kuanzia kidato cha nne.
- Wadhamini wawili au watatu waliokuona ukifanya kazi. Mhadhiri maarufu asiyekukumbuka hakusaidii.
- Namba za simu za madaktari bingwa wa fani tatu tofauti.
- Makadirio ya fedha ya miaka yote ya masomo: ada, pango, nauli, na matumizi ya wanaokutegemea nyumbani.

Hilo la mwisho wengi huliruka. Usiliruke. Mwanafunzi wa uzamili anayewaza kodi ya nyumba hashiki vizuri failo, kile kisindano cha kusafishia mzizi wa jino.

## Hatua ya 1: Zungukia vitengo vyote bila kujipa jina

Hata baada ya utarajali, usianze kujitangaza kuwa wewe ni "mtu wa upasuaji" au "mtu wa watoto". Ukishajitangaza, wenzako watakupangia kazi za upande huo na kukunyima nyingine, nawe utamaliza mwaka ukiwa umeona robo ya fani.

Omba zamu hata kwenye kitengo kinachokuchosha. Kazi ya meno bandia, kwa mfano, wengi huidharau hadi siku wanapomwona mzee wa Bahi akitafuna nyama ya mbuzi baada ya miaka ya kula ugali na mlenda tu.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza, bila kutazama popote, asubuhi ya kawaida inavyokwenda katika kila kitengo: nani anaingia kwanza, nini kinachelewesha foleni, kifaa gani huharibika mara kwa mara.

## Hatua ya 2: Anzisha daftari

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chora safu tano: tatizo la mgonjwa, ulichofanya, ulichotamani kufanya, kilichokuzuia, na hali yako baada ya kumaliza. Jaza mistari mitano hadi kumi kwa siku, jioni, kabla hujatoka kazini.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi:

*Mama, miaka 34, Kibaigwa. Gego la kwanza la chini kulia, limeoza hadi kwenye kiini. Nimeng'oa. Nilitamani kutibu mzizi. Kilichozuia: nauli ya kurudi mara mbili au tatu, na failo zimekwisha. Nimekereka hadi jioni.*

Na mwingine:

*Kijana wa bodaboda, taya la chini limevunjika sehemu mbili. Nimesaidia kufunga meno kwa waya. Sijatamani kingine. Nimechoka, ila ningeanza tena kesho.*

Safu ya tano ndiyo inayosema kweli. Daktari aliyekereka kwa sababu jino lililokuwa linatibika limeng'olewa ana roho ya urejeshaji wa meno, yaani kuyaziba na kuyatibu yabaki mdomoni, hata kama mdomoni anasema anataka upasuaji. Anayeng'oa, akaona kidonda kimefunga vizuri, akaita mgonjwa mwingine bila kinyongo, huyo ni mtu wa aina nyingine.

Onyo: usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili wala namba ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, daftari husahaulika kwenye daladala. Umri, eneo na tatizo vinatosha. Usipige picha za midomo ya watu kwa simu yako kwa ajili ya zoezi hili.

Utajua umefaulu ukifungua ukurasa wa mwezi uliopita na kumkumbuka mgonjwa bila kuhitaji jina lake.

## Hatua ya 3: Lisome daftari kama la mtu mwingine

Baada ya miezi sita, kaa nalo siku ambayo huna zamu. Chukua kalamu ya rangi na uweke alama kwenye kila mstari ambao ungekubali kuurudia mara ishirini wiki hiyo hiyo. Kisha hesabu alama ziko upande gani.

Usihesabu tukio la kusisimua lililotokea mara moja. Uvimbe mkubwa wa taya uliousaidia kuuondoa hautajaza Jumanne zako. Jumanne zitajazwa na kile kilichojitokeza kila ukurasa, na ndicho utakachokifanya ukiwa na miaka hamsini na mgongo unauma.

Alama zikitawanyika kila mahali, hiyo nayo ni taarifa. Huenda unafaa kubaki daktari wa meno wa jumla kwa miaka mingine miwili, na si aibu. Wilaya kama Chemba au Manyoni zinamhitaji sana mtu anayejua kila kitu kwa kiasi.

## Hatua ya 4: Zijue fani kwa karibu

Upasuaji wa kinywa, taya na uso. Ndiyo fani inayovutia wengi. Kanda ya kati ina barabara kuu ndefu, malori na bodaboda, kwa hiyo mivunjiko ya taya haiishi. Utafunga taya kwa waya kwa wiki nne hadi sita au kuweka mabamba ya chuma, utamfundisha mgonjwa kuishi kwa uji na supu, na utamkumbusha ndugu yake asithubutu kumpa pombe akiwa amefungwa mdomo: akitapika, atapaliwa.

Utakutana pia na uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu. Ameloblastoma ndiyo mfano wake mkubwa. Kwa kuwa hauumi, mgonjwa hungoja hadi uso umepinda ndipo afike. Na utaitwa saa nane usiku kwa ajili ya mtu ambaye jino bovu limemletea uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi umenyanyuka, mate yanamtoka, hawezi kulala chali. Huyo njia ya hewa inaweza kuziba wakati wewe bado unatafuta viatu. Kama simu ya usiku inakuharibia siku mbili zinazofuata, jiulize mapema.

Jambo moja la kuangalia: ukisoma habari za fani hii kutoka Uingereza utaambiwa lazima uwe na shahada mbili, ya udaktari wa binadamu na ya meno. Huo ni utaratibu wao. Kwetu, mwenye shahada ya udaktari wa meno huingia kwa njia ya MDent, yaani shahada ya uzamili ya meno.

Meno ya watoto. Fani hii inahitajika sana huku kwetu na inaombwa na wachache. Bado kuna imani ya meno ya nailoni, wengine huita ya plastiki: mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, ufizi wa chonge ukionekana mweupe na kuvimba kidogo, inasemekana jino baya ndilo linalomuua. Anapelekwa kwa mtu anayechokoa ufizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Anachotoa ni kichipukizi cha chonge cha utotoni. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na ugonjwa uliomharisha unabaki pale pale bila tiba.

Akipona, unampokea wewe miaka kumi baadaye: chonge ya ukubwani imeota na mashimo, imekaa upande, au haikuota kabisa. Bingwa wa watoto ndiye anayeuona mnyororo huo wote, kwa hiyo nusu ya kazi yake ni kuzungumza na bibi aliyempeleka mtoto kule. Huwezi kumkemea bibi. Msalimie kwa heshima, mwambie "mbukwa", salamu ya Kigogo, kama unaijua, msikilize amalize, ndipo uanze.

Kwa mtoto mwenyewe utatumia utaratibu wa mwambie, mwonyeshe, kisha mfanyie. Unamwambia kitu hiki kinapuliza upepo, unakipuliza kwenye ukucha wake, ndipo kinaingia mdomoni. Dakika kumi zinakwisha hujagusa jino. Ukiona dakika hizo zimepotea, fani hii haikufai.

Urejeshaji wa meno na matibabu ya mzizi. Hapa kuna jambo la kujivunia: mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila drili wala umeme, inayojulikana duniani kwa herufi ART, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Bado inaokoa magego vijijini.

Bingwa wa eneo hili hufanya kazi ndogo sana kwa muda mrefu sana. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji minne ndani ya mizizi yake, na ule wa nne hujificha. Utakaa umeinama, miwani ya kukuza usoni, ukiutafuta kwa ncha nyembamba kuliko sindano ya cherehani, mgonjwa akiwa amechoka kufungua mdomo. Wapo wanaopumzika kwa kazi hiyo, na wapo inaowatia wazimu.

Huku kwetu ongeza madoa ya madini ya floraidi. Maji ya visima katika sehemu za Singida, Manyara, Arusha na baadhi ya maeneo ya Dodoma yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake yanajengwa huota meno yenye madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Binti wa chuo atakuja kwako akiwa ameziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Kumsugulia, kumng'arishia au kumfunika meno ni kazi ya fani hii, na wateja wake hawatakwisha leo wala kesho.

Fuatilia pia habari ya amalgamu, ule mchanganyiko wa kuzibia meno wenye zebaki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki unazitaka nchi kuiacha hatua kwa hatua, na kutoitumia kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha isipokuwa daktari akiona ni lazima. Anayeanza kusoma leo ajiandae kufanya kazi bila hiyo.

Othodontia, yaani kupanga meno. Ndiyo wanayoitaja wanaouliza kinacholipa. Ni kweli wapo wanaolipa, ila matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, mgonjwa akirudi kila baada ya wiki kadhaa. Dodoma ya sasa ina watumishi wa serikali wengi wenye watoto shuleni, kwa hiyo soko lipo. Lakini watumishi huhamishwa. Mtoto akiwa nusu ya safari na mzazi kahamishiwa Mtwara, nani atamalizia? Jambo jingine ni kwamba gundi ya kubandikia vishikizo vya waya wa kupangia meno haishiki vizuri kwenye jino lililoharibiwa sana na floraidi.

Meno bandia. Bila fundi sanifu mzuri wa maabara, wewe si kitu. Hilo litaelezwa hatua ya 6.

Fizi. Ni fani ya subira. Ugonjwa wa fizi na kisukari huchocheana, kimoja kikizidi na kingine huzidi, kwa hiyo utashirikiana sana na kliniki ya kisukari.

Afya ya kinywa ya jamii. Wengi huichukulia kama fani ya waliokosa nyingine. Mimi naona ni kinyume, hasa kwa anayeishi Dodoma, ambapo Wizara ya Afya na TAMISEMI ziko umbali wa daladala. Tatizo la floraidi halitaisha kwenye kiti cha meno, litaishia kwenye kisima. Kama daftari lako lina mistari mingi yenye "ingezuilika", fikiria huku.

Patholojia na radiolojia ya kinywa ni za wachache wanaopenda darubini na picha kuliko maongezi. Wanajijua.

## Hatua ya 5: Kaa na bingwa siku ya kawaida

Chagua fani mbili zilizobaki na uombe kukaa na bingwa wa kila moja. Usiombe siku ya upasuaji mkubwa. Omba siku ya kliniki ya marejeo, ile ya foleni. Ujumbe mfupi unatosha:

*Shikamoo daktari. Naitwa daktari fulani, nipo hospitali fulani. Nafikiria fani yako na ningependa kukaa kliniki siku ya marejeo nione kazi inavyokwenda. Siku itakayokufaa nitafika. Asante.*

Ukifika, funga mdomo na utazame. Mwishoni muulize mambo mawili: kitu gani kwenye kazi hii kinakuchosha hadi leo, na ulipohitimu ulikosa nini ulikopangiwa? Swali la mapato litajibika lenyewe kutokana na majibu hayo.

Utajua umefaulu ukiondoka na jambo baya la fani hiyo ambalo hukulijua, na bado unaitaka.

## Hatua ya 6: Pima mahali utakapofanyia kazi

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi zaidi. Chukua hospitali unayotarajia kurudi, iwe ya rufaa ya mkoa, Benjamin Mkapa, ya misheni au kliniki binafsi, na uulize kwa macho yako:

- Upasuaji: kuna siku ya meno kwenye chumba cha upasuaji? Kuna mtaalamu wa usingizi anayeweza kuingiza mpira wa hewa kwa mtu asiyefungua mdomo?
- Meno bandia na othodontia: kuna fundi sanifu, au vipimo vitasafirishwa hadi Dar es Salaam?
- Matibabu ya mzizi: kuna eksirei ya meno inayofanya kazi, yenye kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki? Nani hununua failo, na mara ngapi?
- Fani zote: maji. Maji ya Dodoma ni magumu. Bila kuchujwa, chumvi huziba mirija ya kiti na mashine ya kusafishia ugaga.

Kisha uliza bima ya mgonjwa inalipia nini kati ya kazi zako. Kazi nzuri isiyolipiwa na bima, mahali ambapo wengi hawana fedha mkononi, utaifanya mara moja kwa mwezi na mikono itasahau.

Ukiona mapengo, usikate tamaa papo hapo. Zungumza na mganga mfawidhi. Pengine yumo kwenye mpango wa kununua vifaa na anatafuta mtu wa kuvitumia, na barua inayosema hivyo itakusaidia hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Hakikisha njia kabla hujalipa senti

Kwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ndicho chenye uzoefu mrefu wa kufundisha mabingwa wa meno. Nje, wapo Watanzania wanaokwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere au Western Cape ya Afrika Kusini. Orodha ya fani zinazofunguliwa hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo huo, wala usitegemee ulichoambiwa na kaka aliyesoma zamani.

Kama chuo ni cha nje, uliza mapema sehemu mbili: Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada itatambuliwa, na Baraza la Madaktari kama utasajiliwa kuwa bingwa. Pata jibu kwa maandishi.

Mtumishi wa umma aanze kwa afisa utumishi. Jina lako liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na ruhusa iandikwe kabla ya kuondoka. Ukiondoka kwa maneno ya mdomo, mshahara unaweza kusimama ukiwa katikati ya muhula. Ufadhili wa Wizara ya Afya kwa wanaosomea ubingwa upo. Ulizia masharti ya kurudi kufanya kazi, uyasome yote kabla ya kusaini.

Onyo: kozi ya siku chache ya vipandikizi au ya kupanga meno ni nzuri kwa kujiongeza, na inaweza kukupa alama za mafunzo endelevu. Haikufanyi bingwa. Ukiandika "bingwa" kwenye bango la kliniki kwa cheti cha wikiendi, unajitafutia kesi kwenye Baraza.

## Hatua ya 8: Ombi na wazo la utafiti

MDent ina tasnifu. Anayefika kwenye usaili na swali la utafiti alilolitoa kwenye kazi yake huonekana mara moja. Rudi kwenye daftari. Wanaokuja wakiwa wamechelewa na uvimbe wa taya wanatoka wilaya gani? Watoto waliochokolewa ufizi waliletwa na nani? Kwa nini wagonjwa wa mzizi hawarudi mara ya pili? Chagua swali moja, liandike kwa nusu ukurasa.

Kwenye barua ya maombi usiandike kwamba umeipenda fani tangu utotoni. Andika ulichokiona, wapi, na utarudi kufanya nini. Wape wadhamini wako nakala ya barua hiyo ili maneno yao yafanane na yako.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mama yako, kwa dakika mbili, unakwenda kusomea nini na kwa nini, naye akakuuliza swali la maana.

## Ukikosa nafasi

Nafasi ni chache na kukosa ni kawaida. Uliza chuo sababu, kama wanaitoa. Endelea na daftari, huisha leseni kwa wakati, na tumia mwaka huo kuziba pengo moja uliloliona hatua ya 6, kwa mfano kumshawishi mganga mfawidhi kununua eksirei ya meno. Halafu omba tena fani ile ile. Usirukie nyingine kwa kuwa tu ina nafasi, isipokuwa daftari la mwaka huo limekuonyesha alama zimehama.